Cafe Oto, Dalston: miaka yangu minne na jazi huru

Rekodi ya kwanza ya jazi huru niliyojaribu kuisikiliza niliizima kabla chai haijapoa. Saksafoni ilikuwa inapiga mayowe, dramu hazishiki mwendo, nikaona hawa watu wanagombana. Mwaka mmoja baadaye mfanyakazi mwenzangu akawa na tiketi ya ziada, tukaenda Cafe Oto, ukumbi wa muziki mashariki ya London. Tangu usiku ule imetimia miaka 4, na karibu kila mwezi nipo pale. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyezima kama nilivyozima mimi. Muziki huu ukiusikia kwa spika ya simu jikoni unakuwa kelele tu. Unahitaji kuwaona wanaoupiga, jinsi mmoja anavyomtegea sikio mwenzake kabla hajagusa chombo chake.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Kwetu ukitaja jazi mtu anawaza Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz: magitaa yanajibizana, matarumbeta, watu wanainuka kucheza. Ukienda Oto na matarajio hayo utarudi umenuna. Jazi huru ilichomoza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, pale mpiga saksafoni Ornette Coleman na wenzake walipoacha kufuata mpangilio wa sauti uliokubaliwa mapema, wakaanza kufuata wanachosikiana. Uingereza iliupokea katikati ya miaka ya 1960 na kuupa sura yake. Na hapa pana jambo ambalo kila Mwafrika anayeishi huku afadhali alijue. Mwaka 1964 bendi ya Blue Notes, yenye mpiga piano Mzungu na wenzake weusi, iliondoka Afrika Kusini kwa sababu ya sheria za ubaguzi, na mwaka uliofuata ikafika London. Mpiga dramu wao, Louis Moholo-Moholo, alishirikiana na wanamuziki wengi sana wa fani hii hapa na Ulaya. Yeye ndiye aliyebaki wa mwisho katika kundi lile, mpaka alipofariki mwaka 2025. Kwa hiyo mtu akiniambia huu ni muziki wa Wazungu, simkubalii hata kidogo.

Ukumbi wenyewe ni mdogo. Ulifunguliwa mwaka 2008 na Hamish Dunbar na Keiko Yamamoto, na neno "oto" kwa Kijapani ni sauti. Uko mtaa wa Ashwin, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya Dalston Junction. Mchana ni mkahawa wa kawaida, watu na kompyuta zao. Jioni viti vinapangwa upya na vyombo vinaletwa. Jukwaa la kuinuka hakuna, mpigaji anasimama sakafu ileile uliyowekea miguu. Mimi hupenda kufika mapema, nipitie soko la Ridley Road kununua muhogo na ndizi mzuzu, kisha nipange foleni. Milango kwa kawaida hufunguliwa saa 1 na nusu jioni. Tiketi nunua mapema mtandaoni, ni nafuu kuliko mlangoni. Nyingi nilizonunua hazikufika pauni 20.

Kaa mbele. Najua wengi hukimbilia nyuma wakiogopa kelele, lakini vizibo vya masikio ni bei ya soda, navyo nimevihitaji mara chache tu. Ukiwa mbele unaona vidole.

Nimpe nafasi shemeji yangu, maana alinifundisha kitu. Alikuja kutoka Mombasa kututembelea, nikampeleka kumsikiliza Evan Parker, aliyezaliwa mwaka 1944 na aliyekuwamo katika muziki huu Uingereza tangu miaka ile ya 1960. Wakati huo alikuwa ameshavuka miaka 75. Alisimama peke yake na saksafoni ya soprano, ile iliyonyooka, bila kipaza sauti, akaanza. Shemeji akaniinamia: "Shemeji, ameanza au bado anapima chombo?" Nikamwambia ameanza. Ikapita dakika moja, mbili, tano, sauti haijakatika. Na haikuwa sauti moja. Juu palikuwa na kitu kama ndege wengi, chini mvumo mzito, katikati mdundo unaozunguka. Shemeji alikuwa ameacha kuegemea kiti. "Huyu mzee anapumua saa ngapi?"

Nikamwonyesha mashavu. Mpigaji anajaza hewa mashavuni, hewa ile anaisukuma kwa misuli ya mashavu iingie kwenye chombo huku pua inavuta nyingine, na sauti haipati pengo. Ukikaa karibu unaona kabisa shavu linavyovimba na kunywea, na unasikia pua ikivuta. Shemeji akatikisa kichwa. "Basi huyu ni mpiga nzumari." Ndivyo. Wapiga nzumari wa pwani yetu wanafanya hivyo hivyo harusini, mashavu yamejaa, ngoma zinabadilika na nzumari haipumziki. Tumekua tukiwaona, na hatukuwahi kufikiri kwamba ufundi ule unaweza kumfanya mtu akae kimya dakika 40 akisikiliza na kitu kingine asifanye. Kilipoisha kipande cha kwanza nilimwuliza kama tuondoke. Alikuwa ameshasogeza kiti mbele zaidi.

Sasa nisikudanganye, si kila usiku unashika. Wanabuni papo hapo, na siku nyingine hakuna kinachozaliwa. Nimewahi kukaa saa nzima kwenye ukumbi mwingine nikiwaangalia watu watatu, kila mmoja akipiga ya kwake, hakuna aliyemjibu mwenziwe, na nikatoka nimechoka kuliko nilivyotoka zamu. Mara nyingine, katika mji mwingine, baa ilikuwa humohumo ndani na watu wakipiga soga. Mpiga gitaa alikuwa anakwaruza nyuzi polepole kwa kipande cha chuma, sauti ndogo ya kuinamia, na mpaka leo sijui alipiga nini. Iliniuma, kwa sababu yule mtu alikuwa amejipinda juu ya gitaa lake kama fundi saa. Muziki wa namna hii wasikilizaji ni sehemu ya chombo. Oto watu hunyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kunakonirudisha.

Usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni wa kundi la watu wanne linaloitwa Ahmed, na wenyewe huandika jina hilo kwa herufi za Kiarabu: Pat Thomas kwenye piano, Seymour Wright saksafoni ya alto, Joel Grip besi kubwa ya kusimama, Antonin Gerbal dramu. Jina ni la heshima kwa Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi na udi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1927. Alipigia besi kundi la mpiga piano Thelonious Monk, na mwaka 1958 akarekodi jazi pamoja na udi, ganuni na fidla. Ebu rudia orodha hiyo ya vyombo. Mtu aliyelelewa na taarabu hahitaji kufafanuliwa. Na aliyewahi kusikia mpiga udi akipiga taksimu kabla wimbo haujaingia, amekwisha kusikia mtu akibuni papo hapo, na hakuona ajabu.

Hawa wanne wanachukua kipande kidogo cha wimbo wa Abdul-Malik, wanakishika, hawakiachi. Dakika 45 hivi bila kusimama. Dakika 10 za kwanza nilikuwa najiuliza watageuka lini. Thomas alikuwa anapiga piano kwa kiganja chote, halafu kwa ngumi, halafu kwa mkono kuanzia kiwiko, na bado kila pigo liko mahali pake. Saksafoni ilirudia neno lilelile, ila kila likirudi lina kwaruzo jipya. Mahali fulani katikati nikaacha kusubiri wageuke. Nikaanza kusikia vitu ambavyo pengine vilikuwapo tangu mwanzo: besi ilikuwa imebeba mwendo wa kucheza kabisa, wa ngoma ya kukesha, na dramu zilikuwa zinaugawanya mwendo ule vipande vidogo vidogo bila kuuvunja. Mama mmoja mzee mbele yangu alikuwa anatikisa mabega. Kijana wa pembeni alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka kana kwamba anapiga yeye. Mpiga dramu fimbo ikamponyoka, ikabingirika mpaka karibu na kiatu changu, naye alikuwa ameshachukua nyingine, mkono haukukosa hata pigo moja. Niliiacha ikalala palepale, niliogopa kuinama.

Walipoacha, waliacha wote wanne kwa pamoja, katikati ya neno. Hakuna aliyepiga makofi. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili nilisikia friji ya baa ikinguruma, na kamba ya besi bado inatetemeka kidogo chini ya mkono wa mwenyewe.