Chaja ya kulazia simu na tachi iliyonipigia mama mkwe: uzoefu wangu wa miezi mitano

Nianze na lililoniuma zaidi manake ndo limenifanya niandike. Nimetoa laki na themanini kubadilisha kioo cha simu ambacho hakikuwa na tatizo lolote, tatizo lilikuwa kichwa cha chaja cha elfu tano. Hayo ntayafikia, kwanza niwaeleze nilivyoingia kwenye hizi chaja za kulazia, zile wanaita wayalesi.

Simu yangu ni toleo la 2019, mtumba wa Dubai, betri 3400, na tundu la chaji lilianza kulegea toka mwaka jana. Mnalijua hilo, unachomeka waya, unaupindisha kidogo kulia, unaegemeza simu kwenye kitabu, usipumue, ukigeuka tu chaji imekata. Fundi alitaka elfu arobaini abadilishe sistimu chaji. Mdogo wangu ndo akaniambia broo mbona hiyo simu yako inachaji bila waya, nikambishia kabisa, miaka miwili ninayo nisijue! Kumbe kweli. Nikaenda Kariakoo, Aggrey pale, muuzaji akaanza na arobaini na tano tukamalizana kwa ishirini na nane. Boksi limeandikwa 15W kwa maandishi makubwa kuliko jina la chaja yenyewe. Ndani kuna sahani nyeusi ya duara, waya mfupi, kikaratasi cha Kichina, kichwa hakuna. Nikasema poa tu, vichwa nyumbani vimejaa droo nzima.

Wiki ya kwanza raha tupu. Unarudi umechoka unailaza simu, kijitaa kinawaka, basi umemaliza. Mama watoto akawa ananicheka eti nimeinunulia simu godoro. Ila siku ya tatu naamka asubuhi nakuta asilimia 31 wakati nililala na 29, kumbe niliiweka pembeni, labda upana wa vidole viwili tu nje ya katikati. Hizi sahani hazina huruma kwenye hilo. Sababu yake nilikuja kuiona kwa macho pale mtoto alipoimwagia uji ile sahani ya kwanza ikafa (ndio, sasa niko kwenye ya pili) nikaifungua kwa bisibisi. Ndani hakuna maajabu, kuna waya wa shaba umezungushwa bapa kama donge la chapati lililosokotwa kabla hujalisukuma, chini yake kibamba cheusi kigumu kinachovunjika kama kigae, hicho ni feraiti, kazi yake kuuelekeza usumaku uende juu kwenye simu usipotee chini, halafu pembeni kibao kidogo cha saketi chenye chipu na kapasita kadhaa. Basi. Mgongoni mwa simu kuna donge lingine la hivyohivyo, jembamba zaidi. La chini linalishwa umeme unaogeuka mara laki moja mpaka laki mbili kwa sekunde, usumaku unacheza kwa kasi hiyohiyo, la juu linaudaka na kuufanya umeme tena. Ni kitu kilekile alichokionyesha Michael Faraday mwaka 1831, yani ni transfoma iliyokatwa vipande viwili, kimoja ukakiacha mezani kingine ukatembea nacho mfukoni. Sasa vipande visipolingana umeme unaovuka unakuwa kidogo na mwingine unaishia kuwa joto. Ndo maana hii Qi2, kiwango cha chaja za kulazia kilichotangazwa 2023, ina sumaku za kuivuta simu ikae sawa yenyewe, ila mimi na simu yangu ya 2019 sumaku yetu ni alama niliyochora kwa maka.

Kasi tusidanganyane. Kutoka 20 mpaka 100 ilinichukua masaa manne na kidogo, nimepima siku tatu tofauti kwa sababu nilidhani nimekosea. Kichwa nilichokuwa natumia kimeandikwa 5V 1A, zidisha hapo unapata wati 5, sasa sahani iliyolishwa 5 itatoa 15 kutoka wapi? Na katika hizo 5 kuna zinazopotea njiani. Nilipokuja kuipa kichwa cha fasti chaji kinachoweza kutoa 9V ikashuka mpaka masaa mawili na nusu hivi, na kwa waya simu hiyohiyo inajaa kwa saa moja na nusu. Kwa hiyo ile 15W ya kwenye boksi ni ukweli wenye masharti, ununue kichwa chake na simu yako iwe inaikubali.

Sasa vituko. Mwezi wa pili nikaanza kuona simu ikiwa juu ya sahani tachi haieleweki. Naskroli, ukurasa unaruka wenyewe. Naandika "nipo" inatoka "nipp9o". Nikasema labda vidole vina mafuta, nafuta kioo na fulana, wapi. Siku moja saa sita na robo usiku nimejilaza kifua wazi, natafuta namba ya jamaa wa mchanga kwenye majina ya juzijuzi, nikagusa jina lake likabonyezeka la juu yake, tena upande wa video. Mama mkwe. Akapokea mlio wa pili! "Shikamoo mama" huku navuta shuka mpaka shingoni, akauliza kuna nini usiku huu, watoto wazima? Nikamwambia wazima mama, simu tu imejipigia. Hakuamini, kesho yake alimpigia mama watoto kumuuliza taratibu kama tuna ugomvi.

Ndo nikaenda kwa fundi. Akaishika, akaigusa gusa, akasema "bosi hii tachi inakufa, dawa yake kioo tu". Na mimi wala sikujiuliza mbona pale mkononi mwake ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Laki na themanini ikatoka. Jioni nikagundua kaweka kopi, weupe umekuwa na ubluu bluu na ile ya kusoma alama ya kidole chini ya kioo imeacha kusoma. Usiku naiweka kwenye sahani, vituko vilevile, tena vimezidi.

Hasira ndo zikanifanya nichimbe. Tachi za sasa, hizi zilizoenea toka iPhone ya kwanza ya 2007, hazisikii mgandamizo kama zile za zamani za kubonyeza kwa ukucha au kikalamu. Chini ya kioo kuna mistari membamba usiyoiona, ya indiamu na bati vilivyochanganywa na oksijeni, mingine inaenda wima mingine mlalo kama wavu. Chipu inapeleka vimshtuko vidogo vya umeme kwenye mistari ya upande mmoja na kuusikiliza upande mwingine, inarudia hivyo makumi ya mara kwa sekunde. Kidole chako kikisogea kinaiba kachaji kadogo mno pale mistari inapokutana, na huo upungufu ndo chipu inauita mguso. Ukucha hauibi kitu, ndo maana haufanyi kazi. Sasa fikiria unamsikiliza mtu anayenong'ona halafu jirani kawasha jenereta. Kichwa cha chaja kibovu ndo jenereta lenyewe, makelele yake ya umeme yanapita kwenye waya, yanavuka mpaka kwenye simu, simu nzima inakuwa inayumba kiumeme ukilinganisha na mwili wako, na ukigusa tu kelele zinaingia kupitia hapohapo kidole kilipo. Chipu inasikia vidole vitatu wakati umeweka kimoja.

Hii unaweza kuiona kwa macho kabisa. Nenda kwenye maelezo ya simu, gonga nambari ya muundo mara saba, zitafunguka chaguo za wasanidi programu, humo kuna sehemu ya kuonyesha mahali unapogusa. Niliiwasha, nikaweka simu kwenye sahani, nikashikilia kidole kimoja katikati. Vikaanza kutokea vidoti vingine juu na chini ya kidole changu, karibu vyote kwenye mstari mmoja wima, vinawaka na kuzima kama inzi wanatua. Kioo kilichokufa chenyewe kingesumbua hata simu ikiwa nje ya chaji.

Halafu nikachomoa sahani ukutani nikaichomeka kwenye pawabenki. Kimya. Kidole kimoja, kidoti kimoja. Nikaazima kichwa cha jirani kilichokuja na simu yake, kimya vilevile. Nikarudisha changu cha elfu tano, inzi hao. Nilikaa chini pale sakafuni nikacheka peke yangu.

Kwenye hivyo vichwa vya bei ya kutupa kinachopunguzwa kwanza ni sehemu za kuchuja, koili ndogo na kapasita za kunyamazisha kelele, manake bila hizo chaji bado inaingia na mteja haoni tofauti. Ukiwahi kushika simu yenye fremu ya chuma ikiwa kwenye chaji ukahisi kama inakuwashawasha vidoleni, ni umeme kidogo unavuja kupitia kichwa, na kikiwa feki hujui kinga iliyomo ni ya aina gani, mimi cha hivyo sikiachi ukutani. Changu kilikuwa kinawasha hivyo toka zamani nikadhani ni kawaida, tena kilikuwa cha pini mbili nachomeka kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi, msiniige. Na vioo vya kopi vingi havistahimili kelele kama kile kilichokuja na simu, kwa hiyo nililipa laki na themanini kununua tachi nyepesi zaidi kudanganywa.

Mengine madogo. Kava nene naitoa, na kama una ile pete ya chuma ya kushikia simu nyuma usijaribu kabisa, itapata moto. Niliweka sarafu ya mia mbili kati ya simu na sahani makusudi, sahani ikawaka nyekundu na kukataa, hapo nikaiheshimu, ile ya kwanza ya uji sikuwahi kuijaribu. Kadi ya benki usiiache kwenye kava. Wakati wa joto la Januari simu inafika mahali inapunguza chaji yenyewe, nimehamishia sahani karibu na dirisha. Luku sijaona imepanda kwa kiasi cha kulalamika, ingawa najua umeme unaopotea ni mwingi kuliko kwa waya.

Sahani ya pili nimenunua elfu thelathini na tano, kichwa cha maana elfu arobaini, na kichwa ndo ningeanza nacho kama ningerudi nyuma. Kwa usiku inanitosha, tundu langu bovu limepumzika, naipa saba kwenye kumi. Asubuhi nikiwa na haraka bado napindisha waya kulia nausimamia.

Juzi nilipita kwa yule fundi kumuomba kioo changu cha zamani anirudishie, nimuongeze hata ya ufundi. Akaniambia kilishapata mteja wa Mbagala. Nikamuuliza huyo mteja halalamiki tachi? Akasema bosi, hajawahi kurudi.