Mingzat: fonti ya Kilepcha tuliyoipima kwa tarakimu
Mingzat hutolewa bure na SIL, shirika la kushughulikia lugha, kwa ajili ya Kilepcha, lugha ya Sikkim na Darjeeling huko India, inayosemwa pia Nepal na Bhutan. Hapa tunaipima kwa tarakimu, na kwa hizo haina shida.

Imejengwa juu ya JG Lepcha, fonti ya zamani iliyopachika hati ya Kilepcha kwenye misimbo (namba za herufi) ya herufi nyingine. Maandishi ya namna hiyo ukiyabandika pasipo na fonti ile, unaambulia takataka. Mingzat inafuata Unicode, kiwango kinachoipa kila herufi msimbo wake (huandikwa kwa U+), kilichoipokea hati ya Kilepcha katika toleo la 5.1, mwaka 2008. Basi faili la zamani haliponi kwa kubadilishiwa fonti. Sharti maandishi yenyewe yageuzwe msimbo kwanza. Wengi hukwama hapo.

Tarakimu zinaanzia U+1C40, sifuri, hadi U+1C49, tisa. Kwenye Word andika 1C42, bonyeza Alt na X, itatokea ᱂, yaani mbili. Kidole kikiteleza ukaandika 1C52, utapata mbili ya Ol Chiki, hati ya Kisantali, ambayo kitalu chake kimepakana na hiki. Kosa hili lina hila: hata Python, lugha ya kuandikia programu, itaisoma kuwa 2 bila kulalamika.

Kwenye UTF-8, namna ya kuhifadhi Unicode kwa baiti, kila tarakimu inakula baiti 3. Sifuri ni E1 B1 80. Mwaka ᱂᱀᱀᱈ ni baiti 12. Ukiutengea nafasi ya baiti 4, itabaki tarakimu moja na kipande kibovu cha ya pili. Python inaugeuza kuwa 2008 kwa int() tu, lakini Number() ya JavaScript, lugha ya programu za wavuti, inarudisha NaN, yaani “si namba”. Dawa ni kutoa 0x1C40, msimbo wa sifuri, kwenye msimbo wa kila tarakimu. Usihangaike na NFKC, njia ya Unicode ya kusawazisha herufi, haizigusi tarakimu hizi.

Kasoro ya Mingzat ni uzito mmoja tu. Ukikoleza, programu hunenepesha mistari kwa kubuni, na kwenye jedwali la maandishi madogo haipendezi. Kwa tarakimu pekee, fonti ya Noto Sans Lepcha nayo inatosha.

Tahadhari moja: tarakimu hazihitaji kupangwa upya, kwa hiyo huonekana vizuri hata kwenye programu isiyoijua hati hii, na kuonekana kwake si ushahidi kwamba programu inafaa. Jaribu U+1C00, konsonanti, ikifuatiwa na U+1C27, alama ya irabu. Alama ya irabu isiporuka kwenda kushoto kwa konsonanti, usiitumie programu hiyo kwa Kilepcha.