Shiraz nimeipenda, aliyetutembeza simsamehe

Msiwape pesa zenu hawa wanaouza matembezi ya nusu siku mahotelini Shiraz, Iran. Nasema kwa uchungu, kwa sababu mji wenyewe hauna kosa.

Mie mtu wa Makunduchi, Unguja. Mwaka Kogwa wetu, sherehe ya mwaka mpya, asili yake ni Nairuzi ya Waajemi, na jina la Shiraz nimelisikia kabla sijajua kusoma. Tulifika msimu wa midanzi kutoa maua, mji mzima unanukia. Msikiti wa Vakil, wenye nguzo 48 za mawe zilizochongwa kama kamba iliyosokotwa, tulioneshwa vizuri tu. Mpaka hapo sina lawama.

Balaa lilianza Bazari ya Vakil, ile iliyojengwa zama za Karim Khan, mtawala wa Uajemi karne ya 18. Pembeni kulikuwa na karakana ya khatam, njumu za Kiajemi za kupambia visanduku. Mzee mmoja anapanga vijiti vyembamba vya pembetatu, vingine vya mti, vingine vya mfupa wa ngamia, na shaba katikati. Anavigandisha kwa gundi viwe mche mmoja, kisha mche unakatwa vipande vyembamba mithili ya karatasi, na kila kipande kina nyota ile ile. Nyota ndogo kuliko punje ya mtama! Alinipa kimoja nikishike.

Mara mtembezaji wetu akapiga makofi: "Twendeni, hapa hapana kitu." Mbele ya mzee wa watu!

Akatupeleka dukani kwa rafiki yake. Nikapitisha kidole juu ya kisanduku, nikakigeuza kwenye mwanga: shaba haimeti, ukingoni hakuna kiungo hata kimoja. Picha imechapwa, ikapakwa vanishi. Nikamwambia mtembezaji. Akajibu kwa sauti, watu wote wanasikia: "Mtu wa Afrika ataijulia wapi khatam?" Mie niliyekulia nyumba yenye kasha la njumu la bibi yangu!

Dereva alikuwa muungwana, alituomba radhi, na kwa ajili yake nilitaka kuipa kampuni nyota mbili. Lakini kila nikiandika damu inachemka. Moja. La, hata hiyo moja ni ya dereva, si ya kampuni.

Shiraz nendeni, tena nendeni. Bazari ingieni wenyewe, kaeni na mafundi mpaka mchoke. Na hao wa hotelini, pesa yangu naidai mpaka leo, hawajajibu hata ujumbe mmoja.