Gereji Inayopima Kabla ya Kufungua: Mtetemo wa Pikapu Wakati wa Kukanyaga Mafuta

Gereji ninayoizungumzia hapa inashughulika na propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma), difu (kasha la gia linaloigawa nguvu hiyo kwa magurudumu) na ekseli (mhimili unaobeba magurudumu) pekee, na sifa yake kubwa ni kwamba fundi hashiki spana kabla hajaelewa mtetemo unatoka wapi. Pikapu yangu ilikuwa ikitetemeka kuanzia mwendo wa kilomita 30 hadi 60 kwa saa kila ninapokanyaga mafuta, na ikitulia mara tu ninapoachia. Mahali pengine ilikuwa imekwisha kufanyiwa balansi ya magurudumu na kubadilishiwa matairi mawili, bila nafuu yoyote.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuiendesha. Fundi alishika mwendo mmoja, akabadilisha gia bila kubadilisha mwendo huo, kisha akaweka nyutro na kuacha gari lijiendee. Mtetemo unaofuata mizunguko ya injini hubadilika gia inapobadilika. Wa kwangu haukubadilika, bali ulipotea kwenye nyutro, maana yake chanzo kilikuwa nyuma ya giaboksi na kilihitaji nguvu ya injini ili kijitokeze. Baada ya hapo alinifanyia hesabu ambayo ningependa kila mwenye pikapu aifahamu. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hukata mita 1,000 kwa dakika, hivyo tairi lenye mzingo wa mita 2.4 huzunguka karibu mara 7 kwa sekunde. Difu ya uwiano wa 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, huifanya propela izunguke zaidi ya mara 28 kwa sekunde hiyohiyo, na krosi (kiungo chenye umbo la msalaba kinachoruhusu ncha ya propela kujipinda) yenye pembe mbaya hutikisa mara mbili katika kila mzunguko wa propela, yaani takribani mara 57. Tikiso la tairi huja polepole kiasi cha kuyumbisha usukani au kiti, ilhali la krosi ni mngurumo wa harakaharaka unaosikika sakafuni. Mngurumo huo ndio niliokuwa nao, na kwa maoni yangu maelezo hayo peke yake yangetosha kuniokoa na gharama ya matairi.

Propela ilipigwa alama za rangi kabla ya kufunguliwa, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, ingawa nira zake mbili (uma zinazoshika krosi kila upande) zikirudishwa bila kulingana huzaa mtetemo mpya kabisa. Krosi ya nyuma ilikuwa na vumbi la rangi ya kutu pembeni mwa vikombe vyake, dalili kwamba grisi imekauka. Ilipotolewa, nilipitisha ukucha kwenye mkono mmoja wa krosi nikavihisi vijifereji vyembamba vilivyochimbwa na beringi za sindano (vijiti vyembamba vya chuma ndani ya vikombe), vikiwa vimepangana sawasawa kama meno ya kitana.

Hapo ndipo huduma hii ilipojitofautisha na nyingine. Badala ya kufunga krosi mpya na kuniaga, fundi aliuliza kwa nini sindano zilisimama mahali pamoja badala ya kuzunguka. Alichukua kipimo cha pembe chenye sumaku, akapima mkao wa giaboksi, wa propela na wa pua ya difu (sehemu ya mbele ambapo propela hufungwa), akakuta pembe ya krosi ya nyuma, yaani kati ya propela na pua hiyo, ni karibu nusu digrii tu, ndogo mno kuzifanya sindano zizunguke, huku ya mbele ikiwa karibu digrii 3. Pembe hizo mbili zinapaswa kukaribiana, tofauti isizidi digrii 1, ili mwendo wa kusitasita unaozaliwa na krosi moja ufutwe na nyingine. Jani la springi lililokuwa limeongezwa ili gari libebe zaidi lilikuwa limeigeuza ekseli, pua ya difu ikaelekea juu, na kwa kuwa pua hiyo huinuka zaidi injini inapovuta, ikaeleweka kwa nini mtetemo ulikuja na mafuta tu. Dawa ilikuwa krosi mpya na kabari za chuma za digrii 2 kati ya springi na ekseli. Sasa pikapu inaondoka kwa utulivu, hata mlimani.

Kasoro zipo, nami naziona za maana. Vipimo vyote vilichukuliwa gari likiwa tupu, ilhali pikapu ni chombo cha mzigo, na mzigo ukipakiwa, sehemu ya nyuma hushuka na pembe zote hubadilika. Niliomba vipimo virudiwe likiwa limepakiwa, wakakubali bila kinyongo, lakini walipaswa kuwa na utaratibu huo wao wenyewe bila kuombwa. Pia hawampi mteja karatasi yenye digrii zilizokutwa na zilizoachwa. Niliziandika mwenyewe, na fundi mwingine atakayeishika pikapu hii baadaye angepoteza muda mwingi bila kumbukumbu hiyo.

Jambo la mwisho linamhusu yeyote atakayewekewa kabari. Yubolti (bolti zenye umbo la U) zinazoshika ekseli hulegea kidogo springi zinapokaa sawa, hivyo zinahitaji kukazwa tena baada ya kilomita mia chache. Gereji hii ilinitajia hilo nilipouliza tu, ingawa niliporudi walizikaza papo hapo kwa spana ya kipimo, wakaangalia na krosi kama imelegea, bila kunidai chochote.