Skuli ya serikali ukanda wa Fumba, na ghuba iliyo nyuma yake

Mwaka wa tatu huu tangu tuhame Jang'ombe, mjini Unguja, kuja ukanda wa Fumba, na kila jamaa akija kututembelea, hata chai hajaimaliza, ananiuliza: "Na skuli je?" Basi leo najibu mara moja. Jina la skuli silitaji, maana mengine nitakayosema si mazuri, na walimu wake napanda nao gari moja kila asubuhi.

Jengo ni zuri. Ghorofa, rangi bado haijabanduka, vyoo vina maji siku nyingi za wiki. Ada hakuna, elimu bure kwetu Zanzibar ni ya tangu 1964, ingawa sare na madaftari sijawahi kuvipata bure. Darasani kwa mwanangu, darasa la tano, wanabanana watatu kwenye dawati la wawili. Hesabu wanafundishwa barabara, Kiingereza hivyo hivyo. Maktaba ipo, nimeichungulia dirishani. Ufunguo wake hadithi nyengine.

Lakini mie nataka kusema habari ya ghuba.

Ukipanda ghorofa ya juu, Menai hiyo mbele yako: kwanza mikoko, kisha mchanga, kisha maji mpaka macho yachoke. Ni hifadhi tangu 1997, kilomita za mraba 470 hivi, inazunguka huko mpaka Kizimkazi kwa pomboo. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuiona. Sasa siku moja muhula wa kwanza nimekwenda kumuona mwalimu, nakuta darasa zima limeinama linanakili ubaoni mchoro wa mkoko, na mishale yake: mzizi, shina, jani. Mkoko wenyewe uko nyuma ya ukuta, hata hatua mia mbili hazifiki! Nikamuuliza mkuu wa skuli mbona hawashuki nao pwani. "Usalama wa watoto, mama," akanambia, kwa upole kabisa. Watoto ambao nusu yao wamejifunza kutembea mchangani hapo hapo.

Jengine ni la mikondo. Skuli inaingia mikondo miwili, asubuhi na mchana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya huku hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo watoto wa mkondo wa mchana ndio wenye nafasi. Utawaona na ndoo nyuma ya mama zao, wanaokota chaza, kombe na tondo. Saa sita wamo njiani kwenda skuli, sare zimepigwa pasi, mchanga bado uko kwenye vifundo vya miguu. Nilimsikia mwalimu mmoja kwa masikio yangu akiwaambia, "Nyinyi mnanuka pwani." Neno lile lilinichoma. Vile viatu vyeusi anavyovidai kila Jumatatu vimenunuliwa kwa pesa ya chaza.

Mwaka huu kaletwa mwalimu wa sayansi, kijana, kwa lafudhi yake Mpemba. Huyu hakutazama ratiba, alitazama mwezi. Siku ya tatu tangu mwezi uandame, maji yamekupwa, akawateremsha darasa la tano pwani na ndara zao, wazazi wanne tukawasindikiza. Aliwapitisha kwenye michu, jamii ya mikoko, ile yenye vijizizi vinavyochomoza topeni kama penseli, akamwambia kila mmoja arambe jani. Mie nilikuwa nyuma, sikuona vizuri. Jioni mwanangu akatoa majani mfukoni: "Mama, ramba." Nikaramba. Chumvi! Umri wangu miaka thelathini na nane, samaki wa ghuba hii nimewala tangu sina meno, sikujua kama mchu hutoa chumvi yake kwa majani. Akaniongezea kuwa mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama bamia refu, ikianguka inajichoma topeni. Alipanda tatu. Moja, anasema, kaa kaila.

Na aliyewaonesha wenzake pa kukanyaga wasizame alikuwa binti mmoja wa wale wa ndoo, aliyehamishiwa mkondo wa asubuhi mwaka huu. Watoto wa mjini, wangu akiwemo, wamemfuata nyuma kama vifaranga.

Nikitakiwa alama, jengo nne kwa tano, maktaba sifuri mpaka ufunguo uonekane, ghuba tano, na huyo kijana wa Kipemba nampa tano zake peke yake, Wizara wasije wakamhamisha. Anayetaka kuandikisha aje mapema na cheti cha kuzaliwa, foleni huanza alfajiri.

Mdogo wake mwanangu anaanza darasa la kwanza Januari. Mashoga zangu wote wanahangaika watoto wao wapate asubuhi. Mie nimekwenda kumuombea mkondo wa mchana.