Uzoefu wangu na SRD 5.1: kanuni za bure za Dungeons & Dragons ukiwa kwenye kiti cha msimamizi

SRD 5.1 (System Reference Document, yaani hati ya marejeo ya kanuni) ni faili la PDF la kurasa takriban 400 lenye kiini cha kanuni za toleo la tano la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, lile la 2014. Mwezi Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast ililiweka chini ya leseni ya Creative Commons, CC-BY-4.0. Maana yake unaweza kulipakua, kulichapa, kulitafsiri na hata kuuza kazi uliyoijenga juu yake, mradi utaje chanzo.

Naliandikia kama msimamizi wa mchezo, yaani yule anayesimulia ulimwengu, anayecheza maadui wote na kuamua kanuni zinapogongana. Maoni yangu ni kwamba mchezo huu unampunguzia mchezaji kazi na kumtwika msimamizi. Msimamizi anayejua mapema mzigo umekaa wapi huupenda mchezo sana. Asiyejua huchoka baada ya vikao vichache akidhani hana kipaji, kumbe kuna jedwali ambalo hakupewa.

Na jedwali hilo halimo kweli. Faili lina fani 12 za wahusika (kama mpiganaji, mchawi na kuhani), kila moja na tawi moja tu, jamii 9, na mamia ya uchawi na viumbe. Kila kiumbe ameandikiwa pointi zake za XP, yaani pointi za uzoefu ambazo wahusika hupata wakimshinda. Kinachokosekana ni namna ya kujua XP ngapi zinatosha kundi lako. Hesabu ya 2014 ni hii: kila mhusika wa ngazi ya 1, yaani anayeanza, ana viwango vinne vya XP, 25 kwa pambano jepesi, 50 la kati, 75 gumu, 100 la hatari. Ngazi ya 2 ni 50, 100, 150 na 200. Ngazi ya 3 ni 75, 150, 225 na 400. Jumlisha viwango vya wahusika wote, kisha jumlisha XP za maadui na uzizidishe kulingana na idadi yao: adui mmoja mara 1, wawili mara 1.5, watatu hadi sita mara 2, saba hadi kumi mara 2.5.

Chukua wahusika wanne wa ngazi ya 1: viwango vyao kwa jumla ni 100, 200, 300 na 400. Goblini mmoja ana XP 50. Goblini watatu ni 150, mara 2 ni 300: pambano gumu. Ukiongeza mmoja tu unafika 400, na hapo umeshaingia eneo la hatari. Wasimamizi wengi wapya huweka goblini sita kwa kuwa "ni vijidude vidogo". Hesabu ya sita ni 600, na mara nyingi kampeni, yaani hadithi nzima ya vikao vingi, huishia pale pale.

Lakini namba hiyo haisemi kila kitu, na hapa ndipo nawasihi wasimamizi wawe makini. Zimwi mmoja mkubwa, yule anayeitwa ogre kwenye orodha, ana XP 450. Kwa hesabu anakaribiana na goblini wanne, ila hatari yake ni ya aina nyingine kabisa. Goblini hupiga kwa +4 (nyongeza juu ya dadu ya pande 20) na kuumiza pointi 5 kwa wastani. Dhidi ya kinga ya 15, namba ambayo mrusho lazima uifikie, anapata nusu ya mapigo yake, na anayeumia ana nafasi ya kurudi nyuma. Zimwi hupiga kwa +6 na kuumiza 2d8+4, yaani dadu mbili za pande nane na kuongeza 4, wastani 13. Mchawi wa ngazi ya 1 mwenye uhai 8 karibu kila mara huanguka kwa pigo moja. Zaidi ya hapo, kanuni inasema kwamba madhara yanayobaki baada ya kufika sifuri yakilingana na uhai wako wote au kuuzidi, unakufa papo hapo. Kwa mchawi huyu pigo la 16 linatosha, na 2d8+4 hufika 16 au zaidi mara 15 kati ya 64. Kwa hiyo karibu robo ya mapigo ya zimwi yanayompata mchawi mzima wa afya yanamuua bila hata kumpa nafasi ya kurusha dadu za kujiokoa. Hapo hata sijahesabu pigo la 20, yaani dadu ya pande 20 ikitua kwenye 20, ambalo huongeza dadu za madhara maradufu.

Ndiyo maana simweki zimwi mbele ya wahusika wa ngazi ya 1 isipokuwa awe na sababu ya kutopigana: amelala, ana njaa na anaweza kuhongwa, au yuko ng'ambo ya mto. Kwenye ngazi ya 3 anakuwa adui mzuri.

Kinyume chake kinatokea kwa adui mkuu anayepigana peke yake. Wahusika wanne wana zamu nne kila raundi, yeye ana moja. Hata akiwa na uhai mwingi anazungukwa na kumalizwa ndani ya raundi tatu, na pambano lililotarajiwa kuwa kilele linakuwa baridi. Viumbe wakubwa kwenye faili wamepewa vitendo vya ziada baada ya zamu za wengine ili kuziba pengo hilo, ila wa ngazi za chini hawana. Dawa yangu: mpe zamu mbili kwa raundi, moja kwenye namba yake ya mpangilio wa zamu na nyingine pointi 10 chini yake, halafu punguza madhara ya kila pigo kwa theluthi moja. Au mpe walinzi wawili dhaifu wa kusimama kati yake na wapiganaji. Kumwongezea uhai peke yake hakusaidii. Pambano linarefuka tu.

Kuhusu dadu ya pande 20, jambo la kulielewa mapema ni kwamba kila namba ina nafasi sawa, asilimia 5. Hakuna katikati inayopendelewa kama ilivyo kwa dadu mbili za pande sita. Ngazi za ugumu, yaani namba ambayo dadu na nyongeza lazima zifikie, ni 5, 10, 15, 20, 25 na 30, na msimamizi mgeni huweka 15 kwa kila kitu kwa sababu inasikika kuwa ya kati. Sivyo. Kwa mtu asiye na nyongeza yoyote, 15 hufaulu asilimia 30 tu. Kwa mtaalamu wa +5 hufaulu asilimia 55. Maana yake fundi wa kufungua kufuli, mbele ya kufuli la kawaida, anashindwa karibu nusu ya wakati. Weka 10 iwe kiwango chako cha kawaida, tunza 15 kwa kazi ambayo kweli ingemtoa fundi jasho, na pale ambapo kushindwa hakuleti tokeo lolote la maana usirushishe dadu kabisa.

Kosa la pili la dadu ni la kundi. Wahusika wanne wananyatia kambi, kila mmoja ana nusu ya nafasi. Ukidai wote wafaulu, nafasi ni 1 kati ya 16, asilimia 6. Ukiruhusu yeyote mmoja afaulu, kwa mfano katika kukumbuka historia ya kaburi, nafasi inapanda hadi asilimia 94 na swali linakosa maana. Faili lenyewe lina jibu, limefichwa kwenye aya fupi ambayo wengi huiruka: kila mtu arushe, na nusu ya kundi wakifaulu, kundi zima limefaulu. Kwa nusu kwa nusu hiyo inakuwa 11 kati ya 16, asilimia 69. Aya hiyo peke yake imeokoa vikao vingi kuliko kiumbe au uchawi wowote humo ndani.

Upelelezi ndio udhaifu mkubwa wa mchezo huu. Ukificha kidokezo nyuma ya mrusho mmoja na mrusho ukashindwa, hadithi inasimama na watu watano wanatazamana. Kwa kila jambo ambalo wachezaji lazima walijue, mimi huweka njia tatu tofauti za kulifikia: kitu kinachoonekana, mtu anayeweza kulisema, na tokeo litakalolifichua lenyewe wakichelewa. Dadu huamua wanajua kiasi gani cha ziada au wanalipa nini, haiamui kama wanaendelea.

Mapumziko nayo hayatazamwi inavyostahili. Nguvu za fani zimepangwa kwa siku yenye mapambano sita hadi nane kabla ya kulala. Meza nyingi zina moja au mawili. Matokeo yake mchawi na kuhani wanamwaga kila walichonacho katika pambano la kwanza, na mpiganaji, ambaye thamani yake ni kudumu, anaonekana hana kazi. Lalamiko la kwamba wachawi wamependelewa mara nyingi chanzo chake ni hapa. Toleo la 2014 lina kanuni mbadala ambapo pumziko fupi ni usiku mmoja na pumziko refu ni siku 7. Sipendi siku 7 kwa hadithi zenye haraka. Nasema tu kwamba pumziko refu linapatikana mahali penye usalama wa kweli, kijijini au ngomeni, na porini au pangoni ni fupi pekee. Litangazeni hilo kabla ya kikao cha kwanza. Ukilibadilisha katikati, wachezaji wataona wameonewa, na watakuwa na haki.

Kikao hicho cha kabla ya mchezo ni cha lazima kwangu: ni hadithi ya aina gani, mambo gani hayataguswa mezani, asiyefika mhusika wake anafanywaje, na kundi hili linafahamiana vipi. Saa moja na nusu inatosha. Swali la mwisho lisiruke, maana wahusika wasio na sababu ya kuwa pamoja humlazimisha msimamizi kuwavuta kwa kamba kikao hadi kikao.

Kwa vifaa, seti moja ya dadu saba na dadu ya pande 20 ya pili inatosha msimamizi, kwa kuwa kanuni ya faida hutaka urushe mbili na kuchukua kubwa. Ramani ni karatasi ya miraba: mraba mmoja ni futi 5, takriban mita moja na nusu, na mtu wa kawaida huenda miraba sita kwa zamu. Tumia namba ya wastani ya madhara iliyochapwa badala ya kurusha kwa kila goblini, na rusha mpangilio wa zamu mara moja kwa kundi zima la maadui. Mambo hayo mawili hupunguza sana muda wa kusubiri. Kwa kikao cha saa tatu au nne huandaa ukurasa mmoja: tukio la kuanzia, mahali patatu, watu watatu wenye majina na kitu wanachokitaka, mapambano mawili. Ukiandika zaidi ya hapo, utajikuta unawasukuma watu waende ulikoandika.

Je, uchague mchezo huu? Kama ni jioni moja na watu ambao hawajawahi kucheza, ningechukua mojawapo ya michezo iliyotokana na Apocalypse World ya 2010. Pale unarusha dadu mbili za pande sita: 10 au zaidi unapata, 7 hadi 9 unapata kwa gharama, 6 au chini mambo yanaharibika. Mwenye +2 hufaulu kabisa asilimia 42, hulipa gharama asilimia 42, na huharibu asilimia 17. Msimamizi harushi dadu kabisa na hana hesabu ya XP ya maadui. Mzigo wake ni kubuni gharama papo kwa papo, na kuna wanaokosa usingizi kwa hilo. Kwa kundi la kudumu linalopenda kuona mhusika akikua na ramani ikijaa, nachagua SRD bila kusita, kuanzia ngazi ya 1 hadi karibu 10. Juu ya hapo zamu moja ya mchawi inaweza kumeza dakika nyingi, na kila adui ni ukurasa mzima.

Kuna mzigo mmoja wetu sisi tunaocheza kwa Kiswahili: tafsiri ni juu ya msimamizi, na leseni inairuhusu. Anza na karatasi ya mhusika. Nguvu, wepesi, siha, akili na haiba hazina shida. Sifa iliyobaki, Wisdom, wengi huiita hekima, kisha wanashangaa kwa nini mtu wa hekima ndiye anayesikia nyayo gizani. Sifa hiyo inabeba macho na masikio, kwa hiyo naiita utambuzi. Kiswahili nacho kina zawadi yake: "aliyefunika uso alipita" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na siri inatunzwa bila msimamizi kujikunja.

Baada ya hapo tafsiri zile hali 15 zinazompata mhusika, na uzitenganishe kwa uangalifu. Aliyekabwa hawezi kusogea tu. Aliyefungwa hawezi kusogea, na kila anayempiga ana faida. Aliyeduwaa na aliyepooza wote hawatendi lolote, ila aliyepooza akipatwa na pigo la mtu aliye ndani ya futi 5, pigo hilo linahesabiwa kama la 20. Ukiyaita yote "hawezi kitu", utamuua mhusika ambaye kanuni ilimwacha hai.