Dan Dare katika jalada moja

Kitabu hiki cha katuni tulikisoma barazani, Tunguu, Zanzibar, mimi na mjukuu wangu wa darasa la nne. Ni mkusanyo wa safari ya kwanza ya Dan Dare, rubani wa anga za juu, iliyoanza mwaka 1950 katika gazeti la watoto la Eagle, Uingereza. Dunia ina njaa, marubani wanakwenda Zuhura kutafuta chakula. Michoro ya Frank Hampson inanitoa machozi kwa uzuri. Huyo Mekon, adui wao mkuu, wa kijani, kichwa kama fenesi! Maandishi lakini madogo mno, umeme ukikatika hayasomeki. Nikamwambia kijana: hapahapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu anga za juu. Akataka twende kupaona usiku uleule.